Wamenifungia ukurasa kisa mapanga

SWALI: Shikamoo mjomba. Nauza vifaa vya shamba mtandaoni, majembe, mapanga, mabomba ya kupulizia dawa. Juzi naamka ukurasa haupo, wameandika tu "umekiuka viwango vya jamii", jamii ipi sijui. Nikakata rufaa, jibu likaja hata chai haijapoa, eti uamuzi uko palepale. Wateja wanadhani nimekula hela zao. Nifanyeje?
Muuza mapanga, Morogoro

JIBU: Marahaba, pole sana. Mtandao hujautaja, ila kwa jibu kuwahi hivyo nahisi hakuna mtu aliyesoma, mashine imeona panga ikajua unatisha watu. Mashine kukosea kawaida, kinachoudhi ni kuhukumiwa hujui hata posti ipi imekuponza. Na si kwamba utaratibu haupo, kuna Kanuni za Santa Clara, zilizotungwa na mashirika ya kutetea haki na wataalamu mwaka 2018, zikaboreshwa 2021, zinataka kampuni itangaze imefuta posti na akaunti ngapi, ikwambie umevunja kipengele kipi, na rufaa yako isikilizwe na binadamu ambaye hakuwemo kwenye uamuzi wa kwanza. Tatizo ni za hiari. Ulaya ndo wamebana kwa sheria, tangu Februari 2024 mtumiaji wa kule lazima aelezwe sababu, ana miezi sita ya kulalamika bure na asiporidhika anapeleka kwa wasuluhishi wa nje ya kampuni. Wewe haikuhusu, na hapo ndo panaponiuma, kampuni ileile, wa Berlin anaelezwa, wa Morogoro anaambiwa viwango vya jamii, basi.

Sasa piga skrinshoti kila kitu, ile notisi, tarehe, namba ya rufaa. Ukipata nafasi ya kuandika tena usilie wala usitukane, sema panga ni la kufyekea, weka leseni ya biashara na picha likiwa kazini shambani. Kama ni Facebook, Instagram au Threads na rufaa ya posti imegonga mwamba, wakikupa namba ya kumbukumbu una siku 15 kupeleka kwa Bodi ya Usimamizi (Oversight Board), jopo la watu wa nje linalopitia maamuzi ya Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, ile iliyosikiliza kesi ya Trump kufungiwa akaunti 2021, ila inachukua kesi chache mno kwa hiyo usiitegemee sana.

Halafu wale watakaokufuata inboksi, "tuma elfu hamsini nakurudishia akaunti", bloku, paswedi usimpe mtu. Na wateja waliokwishalipa wapigie simu leo leo, wapelekee mizigo yao.