Chai Haizeeshi Mchoro

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimeloweka karatasi kwenye chai ya rangi, nimeianika, nimemchora Cinderella na kiatu chake. Mbona bado inaonekana ya jana?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Nikaona nimjibu hapa, maana najua mko wengi mnaotaka vitabu vyenu vya watoto vifanane na vile vya London ya zamani.

Mdogo wangu, uzee wa mchoro uko kwenye mstari, na mstari ule ulitokana na shida za kuchapa. Mwangalie John Tenniel, mchoraji Mwingereza aliyemchora Alice, yule msichana wa kitabu cha Alice in Wonderland, mwaka 1865. Michoro yake ilihamishiwa kwenye vipande vya mbao, mafundi wa kina Dalziel, ndugu waliokuwa na karakana ya kuchonga mbao za kuchapia, wakachonga kila palipotakiwa kubaki peupe, mistari ikasimama juu kama ya muhuri. Hapo kivuli hukipaki kwa kidole; unakijenga kwa vimistari vilivyosongamana. Na chapa ya kwanza ilipotoka vibaya, Tenniel aliikataa, nakala 2,000 zikaondolewa. Kwa hilo tu nampenda.

Ila mwalimu wangu hasa ni Arthur Rackham, Mwingereza mwingine aliyechorea vitabu vya hadithi. Wakati wake picha ya rangi ilipigwa picha na kutenganishwa katika rangi tatu, ikachapwa kwenye karatasi laini ya pekee, kisha ikabandikwa kitabuni. Yeye alianza kwa penseli, akapita na kalamu ya wino mweusi, halafu rangi ya maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukungu wa kahawia ukatanda. Kitabu cha hadithi ya Rip Van Winkle alichokichorea mwaka 1905 kina picha 51 za rangi. Mimi nilinasa kwenye miti yake: fundo linakuwa pua, mpasuko unakuwa mdomo, mizizi inakamata ardhi kwa vidole vyenye kucha. Ukiikuza picha unaona wino unanenepa kwenye kiwiko cha tawi na kukonda kuelekea nchani.

Nilinakili mizizi ile usiku baada ya kazi, umeme ukikatika naendelea kwa taa ya chaji. Baadaye nikaihamishia kwenye mibuyu yetu, ambayo tayari ina sura za wazee.

Mchapishaji mmoja, simtaji, aliipitisha michoro hiyo mezani mbele ya wafanyakazi wake, akasema ni ya makaburini, watoto watalia. Nilishuka ngazi nimeibana kwapani. Mpaka leo nikipita mtaa ule natazama upande wa pili. Sasa kitabu kimetoka kwingine, na wanachoomba watoto kufunguliwa kwanza ni ukurasa wa mbuyu. Anisome popote alipo.

Basi ushauri. Mstari kwanza. Chukua nibu na wino, chora mti mmoja bila rangi mpaka usimame wenyewe. Ukiona unalegea, rudia. Mstari, jamani! Rackham mwenyewe alichorea hadithi za Grimm, zile ngano za Kijerumani, mwaka 1900, karibu zote kwa wino mtupu. Rangi kwa wingi ilikuja katika toleo la 1909. Nyie mnataka kuanzia kwenye toleo la 1909, tena kwa kichujio cha simu. Vijana tumezoea kupakua kila kitu, hata subira tungeipakua kama ingepatikana. Weka simu chini, kaa, chora.

Na rangi ukifika, iwe nyepesi. Ngoja ikauke kabisa kabla ya tabaka la pili, la sivyo utapata tope.

La mwisho ni hakimiliki. Kunakili kwa mazoezi sawa, kuuza ni jambo jingine. Rackham alifariki 1939, na Uingereza kazi hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo zake huko ziko huru. Za Kay Nielsen, mchoraji mwingine wa vitabu vya hadithi, aliyefariki 1957, huko zinalindwa hadi mwisho wa 2027. Kagua mwaka wa kifo na sheria ya nchi unakouzia kabla hujapeleka kitu kiwandani.