Barua kwa mwanangu: nauli ya kurudi kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa wakwe zetu wote wa Philadelphia. Huku Tanga sote wazima, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama dola mia tatu zitawatosha wewe na mkeo kwa usiku mmoja Atlantic City, ule mji wa kasino kando ya bahari, na kama ni afadhali mlale kwenye hoteli ya kasino au kwenye moteli za nje ya mji. Zitatosha. Nendeni katikati ya wiki, na kama baridi hamuiogopi nendeni kabla ya kiangazi, maana chumba kile kile bei yake hushuka sana. Tazama ile ada wanayoiongeza juu ya bei ya chumba. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inazilazimu hoteli kuijumlisha kwenye bei tangu mwanzo, lakini kodi bado huja mwishoni. Gari liacheni nyumbani. Pandeni treni hapo stesheni ya 30th Street, baada ya saa moja na nusu hivi mmefika. Chakula cha halali hamtakikosa, Wabangladeshi wengi wanaishi na kufanya kazi mji ule. Ukitaka kulala nje ya mji lala, lakini kila safari ya kurudi kasino usiku utailipia teksi.

Ila kabla ya chumba na kabla ya chakula, nauli ya kurudi kwanza. Ikate siku ile ile unayokata ya kwenda. Hilo umelisikia kwangu tangu hujaota meno, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza lilianzia wapi. Na wewe ulikuwepo, mgongoni kwangu.

Ulikuwa mwaka aliokuja bibi yako, tukiwa Jersey City. Marehemu baba yako alitaka kumtembeza mama mkwe wake na mfukoni hakuwa na kitu. Wenzake wa kazini wakamwambia habari za mabasi ya kasino. Miaka ile ya tisini yalikuwa yakiondoka kituo cha mabasi cha Port Authority kule New York mchana kutwa. Unalipa nauli, na ukishuka mlangoni kwa kasino unapewa karatasi iliyoviringishwa, ndani sarafu arobaini za senti 25, dola kumi kamili. Nauli karibu yote inakurudia. Mashine wakati ule zilikuwa zikila sarafu, kwa hiyo walikupa chakula chao wenyewe ukawalishe. Kisha unakaa mpaka saa ya basi lako. Huwezi kuondoka mapema, na ukichelewa halikungoji.

Mle ndani ya basi walijaa wazee. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee, nikawajua kwa kuwatazama tu: huyu ana sukari, huyu miguu imevimba, huyu amefiwa na mume karibuni. Walishuka na mikongojo yao wakaingia mbio.

Bibi yako sarafu zake hakutaka kuzigusa. Akasema nyumba ya kamari haitoi sadaka. Baba yako akamwambia, "Mama, hii ni nauli yako inarudi tu." Akafikiri, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Nitazishika," akasema, "sitazila."

Tukatoka naye hadi Boardwalk, ile njia ya mbao kando ya bahari. Ya kwanza waliijenga 1870. Wakati ule Taj Mahal ya Trump ilikuwa imesimama pale na mapaa yake ya kuba na vijinara juu, ndiyo hiyo leo ni Hard Rock. Bibi yako akaniuliza kama mle watu wanaswali. Nikamwambia ni kasino pia. Akaitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akashuka ngazi mpaka mchangani, akatandika kanga ya pili, akaswali adhuhuri. Kibla kutoka kule ni kaskazini mashariki, kwa hiyo bahari ilikuwa mkono wake wa kulia. Alipomaliza akasogea majini, akachovya kidole akaonja, akacheka peke yake. Miji mingi ya pwani ile hukutoza pesa kukanyaga mchanga wakati wa kiangazi. Atlantic City haitozi, hata leo. Mpeleke mkeo pale.

Saa ya basi ikakaribia na baba yako hatumwoni. Alisema anakwenda chooni. Nikaenda kumtafuta, mlinzi akanizuia kwa adabu kabisa: aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi penye michezo, hata akiwa mgongoni kwa mamake. Kukuacha sikuweza. Nilikuwa nimesimama, maana kasino ile haikuwa na kiti isipokuwa mbele ya mashine, na kiti cha mashine hukalii bure.

Bibi yako akasema, "Nitakwenda mimi." Na baibui lake, Kiingereza hajui hata neno, akaingia katikati ya makelele yale na taa zile kumtafuta mume wa binti yake. Wewe umelelewa na watu wa Tanga, unajua mkwe ni nani kwa mama mkwe. Wawili wale walikuwa hawatazamani usoni. Walipotoka, yeye alitangulia, baba yako nyuma yake ameinamisha kichwa. Akaniambia, "Nimemkuta, twendeni." Basi likatuchukua, lilikuwa limekwisha washwa.

Tulipofika New York, baba yako hakuwa na dola moja ya kupanda treni ya PATH kurudi Jersey City. Nauli ilikuwa dola moja kwa mtu. Bibi yako akafungua pindo la kanga, akahesabu sarafu kumi na mbili, akazitia yeye mwenyewe, nne kwa kila mtu, mimi, yeye na mkwewe. Hakusema kitu. Nilimwuliza usiku ule, nikamwuliza tena akiwa mgonjwa hapa Tanga, alikuta nini mle ndani. Mpaka anakufa jibu lake lilikuwa lile lile, nimemkuta. Namshukuru kwa kumsitiri mume wangu. Na bado naona alipaswa kuniambia mimi.

Sitaki umwone baba yako vibaya. Alifanya kazi usiku na mchana na hukukosa viatu. Na mji ule siwezi kuusema kwa ubaya tupu. Kamari watu wa New Jersey waliipitisha kwa kura mwaka 1976, kasino ya kwanza ikafunguliwa Mei 1978, na asilimia 8 ya wanachobaki nacho kwa wachezaji inakwenda kwenye mfuko wa wazee na wenye ulemavu wa New Jersey. Mzee niliyekuwa nikimwogesha dawa zake zilisaidiwa na mfuko huo. Basi nakaa najiuliza: ni pesa nzuri kwa kuwa zinarudi kwa wazee, au ni mbaya kwa kuwa zilitoka kwa wazee wale wale wa kwenye basi? Siku nyingine nasema hivi, siku nyingine vile.

Miaka baadaye baba yako mwenyewe alinichorea gurudumu lao la kamari, ruleti, nyuma ya bahasha. Vijumba 38, na ukipata namba yako wanakulipa 35 kwa kila moja uliyoweka. Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Hesabu aliijua kuliko mimi. Ndiyo maana sikuandikii hesabu nikidhani itakuzuia. Nakuandikia nauli ya kurudi kwanza, na ishikwe na mkeo, isiwe mfuko mmoja na pesa ya matembezi.

Kuhusu kucheza nilikuwa nimeandika mistari minne hapa, nimeikata. Dini inavyosema unajua, na mimi ninavyosema unajua, na hukuniuliza hilo. Umri wako sasa umempita baba yako wa siku ile. Kimenikaa kooni lakini nakiacha hapo.

Pandeni zile jitney, vibasi vidogo vya Pacific Avenue, zipo tangu 1915, utajisikia uko kwenye daladala. Mkeo akiweza ngazi 228, pandeni mnara wa taa wa Absecon, mnitumie picha ya bahari kutoka juu. Na niandikie kabla hamjaondoka, treni ya kurudi mmekata ya saa ngapi.

Mama yako