Anza na nchi kavu: kwa wanaoingia kwenye uchambuzi wa migogoro ya bahari

Siku zangu za mwanzo kwenye kazi hii nilikuta jina "Dar es Salam" katika hati za kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Nikadhani karani kakosea, nikaandika pembeni: "Tanzania?" Bosi wangu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ni mahali padogo ufukweni, karibu na Ras Kamboni, ambapo mpaka uliowekwa na Waingereza na Waitaliano unaingia baharini.

Tangu hapo kesi yoyote ya bahari naianzia nchi kavu. Nanyi chukueni ramani na rula kabla ya kufungua magazeti. Kutoka ufukwe ule Kenya ilitaka mstari uende mashariki moja kwa moja, sambamba na latitudo. Somalia ilitaka uteremke kusini-mashariki, umbali sawa na pwani zote mbili. Chora yote miwili: pembetatu inayobaki katikati, zaidi ya kilomita za mraba 100,000, ndiyo ugomvi wenyewe.

Kisha telemsheni jicho hadi Pemba, kisiwa cha Tanzania. Wengi huruka hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021, ilitazama pwani ya nchi zote tatu, ikaona Kenya inabanwa kati ya Somalia na Tanzania, ikausogeza mstari wa umbali sawa kaskazini kidogo. Kwa hiyo msiandike tu "Somalia yashinda". Ilipata sehemu kubwa, lakini dai lake kwamba Kenya ilikiuka wajibu wake wa kimataifa lilitupwa. Nairobi nayo ikaikataa hukumu yote.

Upande wa usalama ndio unaoponza wengi, kwa sababu kila kitu huonekana ni bahari. Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake, na hilo kweli lilikuwa la vitalu vya mafuta katika eneo lile la ugomvi. Lakini Mogadishu ilipovunja uhusiano Desemba 2020, lalamiko lake lilikuwa kuingiliwa siasa zake za ndani. Na muda wote huo askari wa Kenya walikuwa Somalia, chini ya Umoja wa Afrika, wakipigana na Al-Shabaab.

Hata marufuku ya kuvua usiku iliyowatesa wavuvi wa Lamu kwa miaka ilitokana na Al-Shabaab, haikutokana na pembetatu ile. Niliwahi kuchanganya hayo mawili, ripoti ikarudi imejaa wino mwekundu.