Barua kwa mwanangu: kabla kinyongo hakijawa dharau

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini siku hizi mumeo akifungua mdomo tu unageuza macho, na kama hiyo ni dalili kwamba mapenzi yamekwisha. Umesema hakupigi wala hakutukani, ila umechoka kukumbusha yaleyale. Hilo la kugeuza macho si dogo, kwa hiyo nivumilie.

Mwenye kinyongo bado anadai. Anaamini mwenzake angeweza kutenda vizuri, na anaumia kwa kuwa hakutenda. Mwenye dharau keshahukumu: huyu ndivyo alivyo, hana lolote. Kinyongo kikikaa mno bila kusemwa huishia huko. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewarekodi wanandoa wakizungumzia migogoro yao, aliona dharau ndiyo dalili nzito kuliko zote za ndoa inayoelekea kuvunjika.

Nayo dharau huanzia usoni: jicho kugeuzwa, mdomo kubetuliwa upande mmoja, msonyo, kuiga sauti yake, kumsahihisha mbele za watu. Baadaye ndipo vijembe na masimango. Ukishambetulia mdomo, hata dai lako la haki hatalisikia. Atajitetea au atanyamaza, na wewe utauona ukimya wake kama ushahidi mwingine.

Anza na karatasi. Andika kila unachomdai, kisha ufute kisichokuwa tendo. “Hanijali” futa. “Jumanne alisema atamchukua mtoto shule, hakwenda, nikaacha kazi njiani” acha. Kurasa mbili za hasira mara nyingi hubaki madai matatu au manne. Pembeni ya kila dai andika kama uliwahi kumwambia waziwazi. Kununa, kuguna na kubamiza mlango usivihesabu. Nadhani sehemu hii itakuuma, maana mengi hujayasema.

Chagua dai moja tu. Mwombe muda, msiwe na njaa wala usingizi. Sema tendo, lilivyokugusa, na unachoomba: “Jumanne hukumchukua mtoto. Nilifadhaika na nikaonekana mzembe kazini. Naomba ukikwama unipigie kabla ya saa nane.” Dakika 3 za mwanzo zina uzito sana, mazungumzo yakianza kwa shutuma, kwa kawaida huishia hapohapo.

Moyo ukienda mbio kupita mapigo 100 kwa dakika, hakuna anayesikiliza tena. Pumzikeni angalau dakika 20, na anayetoka aseme saa ya kurudi. Asiposema, anayebaki huona ametupwa. Muda huo usiutumie kupanga majibu makali, maana utarudi umewaka kuliko ulivyoondoka. Tembea, au oga.

Ukijikuta umegeuza macho, sema palepale: “Nimekubeza, samahani, naanza upya.” Itakuwa ngumu mara za mwanzo. Na akitenda jema, litaje kwa jina lake, “asante kwa kuamka na mtoto usiku,” hata kama unaona ni wajibu wake. Gottman aliona kwamba ndoa zilizotulia, hata katikati ya kuzozana, huwa na maneno na ishara njema kama 5 kwa kila 1 mbaya. Dharau hulishwa na macho yanayotafuta makosa tu, kwa hiyo yafundishe yako kutafuta na mengine.

Akiomba radhi, pokea. Wewe ukiomba, usiweke “lakini.” Dai lililolipwa lifute, ukilifufua katika ugomvi mwingine, ataona kulipa hakuna faida.

Halafu, mwanangu, usimpelekee kila ndugu makosa yake. Jioni mtapatana, lakini shangazi zako watabaki na kinyongo hicho miaka. Hata mimi. Chagua mtu mmoja anayeitakia ndoa yenu uzima, awe na ujasiri wa kukwambia umekosea.

Haya yote ni kwa wawili wanaoweza kusemezana bila hofu. Kama yeye ndiye anayekudhalilisha, anakubana pesa, anakukagua simu, au unatetemeka hata kumwomba muda wa kuzungumza, weka karatasi chini. Hapo hatua hizi hazifai, na hupaswi kuwa peke yako. Nipigie leo, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako