Jibu: Walijuaje shamba la Mrumi lilipandwa nini?

Mkuu, umeuliza wanaakiolojia wanajuaje kilicholimwa kuzunguka nyumba ya Mrumi wakati mimea ilishaoza zamani. Chukua Villa Regina, nyumba ya shamba ya Kirumi huko Boscoreale, karibu na Pompeii nchini Italia, iliyogunduliwa mwaka 1977. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, majivu na vijiwe vyepesi vya volkano vilifunika shamba zima. Mizizi ikaoza, tundu zake zikabaki. Wachimbaji huzisafisha taratibu, huingiza waya, kisha humimina plasta au saruji. Ikikauka wanaondoa udongo, na umbo la mzizi lipo mbele yako! Ndivyo safu za mizabibu zilivyojulikana. Uani kuna mitungi mikubwa 18 ya mvinyo, imefukiwa hadi shingoni, kwa hiyo biashara ya mwenye shamba haina ubishi. Chavua na mbegu zilizoungua husaidia kutambua mimea mingine.

Ila usitegemee bahati hiyo Uingereza, maana hakuna majivu ya volkano. Kule hufuata mitaro ya mipaka, na hupiga picha kutoka angani wakati wa ukame: shayiri iliyoota juu ya ukuta uliofukiwa hukauka mapema kuliko ya jirani, na mstari wa ukuta huonekana.