Upupu na vidonge vya kutetemeka: msimpe mzee kimya kimya

Jamani wenye wazazi wanaotetemeka mikono, hii ni kwa ajili yenu. Nauguza baba yangu mwaka wa nne sasa hapa Moshi, na kuna kitu tungeambiwa mapema tusingepata taabu tuliyoipata.

Baba alianza na mkono wa kulia, amekaa zake tu kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama mtu anayehesabu noti, tukasema uzee. Sahihi yake ikawa inapungua mpaka ikabaki kamstari, mguu anaburuza, majirani wakasema karogwa. Daktari wa mishipa ya fahamu ndo akatuambia ni Parkinson, yaani zile chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zimekufa nyingi, akamwandikia vidonge vya levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, vilivyochanganywa na kabidopa. Vikamsaidia kweli, siku aliyofunga vifungo vya shati mwenyewe mama alilia.

Sasa shangazi akaja na kopo la unga wa mbegu za upupu. Ndio, upupu huu huu tuliokuwa tunapakana shuleni, ila kinachowasha ni vile vinyweleo vya kwenye ganda, mbegu za ndani haziwashi. Na shangazi hakubahatisha, hapo namtetea. Wahindi wanautumia kwa kutetemeka tangu enzi na enzi, na mwaka 1937 wanasayansi wa huko huko India waliikuta levodopa ndani ya mbegu. Mwaka 2004 London walipima kwa wagonjwa 8, upupu ukaanza kufanya kazi haraka kuliko vidonge.

Shida ni kwamba ni dawa ile ile! Sisi tulidhani tunaongeza mitishamba pembeni kumbe tunamrundikia dozi, vijiko viwili kwenye uji asubuhi na kidonge chake juu. Wiki ya pili baba anatapika, akisimama kizunguzungu, alafu shingo na mikono vikawa vinajinyonganyonga vyenyewe hawezi kutulia, usiku anatuambia kuna watoto wamekaa mlangoni na hamna mtu. Tukajua ugonjwa umepanda, tukaongeza kijiko. Naandika hapa roho inaniuma.

Kwa hiyo nawaomba, msifiche. Bebeni kopo lenyewe mpaka kliniki, daktari alione na mumwambie vijiko vingapi na saa ngapi. Sisi tulificha tukiogopa kufokewa na wala hatukufokewa, alikaa akatueleza taratibu kwamba upupu hauna kabidopa, ile inayoizuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo na kupunguza kichefuchefu. Alafu mbegu hazilingani nguvu, za shamba hili si za shamba lile, na ukichemsha levodopa inapungua, sasa kijiko cha leo unajuaje ni sawa na cha jana? Bolivia walifanya utafiti wa unga wa mbegu zilizokaangwa kwa wagonjwa 18, ukachapishwa 2017, matokeo mazuri tu, ila dozi walipiga hesabu kwa kilo za mgonjwa, sio kwa kijiko cha uji. Najua kuna watu hela ya vidonge hawana kabisa na upupu unaota porini bure, na mimi natamani siku moja upimwe na kufungashwa vizuri uwafikie. Hata hivyo mwambieni daktari.

Kingine, vidonge msikatishe ghafla eti sasa tunatumia za asili, mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikapanda, mtu anakufa. Na kidonge kinywewe kama nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharage vinagombania njia na dawa tumboni, baba alikuwa anameza katikati ya ugali na maharage alafu tunashangaa mbona haifanyi kazi.

Unga ulipunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari mpaka ukaisha, wale watoto wa mlangoni wakaondoka. Shangazi ndo anaweka alamu ya saa 12 asubuhi siku hizi, anampa kidonge na maji, uji anauleta saa 12 na nusu.