STRIDE au Mti wa Mashambulizi: Tuanze na Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu tunaotengeneza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, ambao wanachama watautumia kuweka akiba na kurejesha mikopo kwa simu. Ili kuulinda dhidi ya wezi, mwenzangu mmoja anataka tuchore miti ya mashambulizi, mwingine anasema STRIDE inatosha, nami naona tumalize programu kwanza, kisha tumwite mtaalamu aijaribu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na hoja yako kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Majaribio ya mwishoni yanafaa sana kwa kunasa makosa ya uandishi wa programu. Kosa la usanifu, kama vile karani yuleyule kuruhusiwa kuingiza ombi la mkopo na kuliidhinisha, hupita kwa urahisi, kwa sababu programu inafanya vilevile ilivyoagizwa.

Wenzako nao wanabishania zana mbili zenye kazi tofauti. STRIDE, iliyobuniwa Microsoft mwaka 1999, huwataka mchore njia zote data inamopita, kisha kila inapotoka kwa msiyemwamini na kuingia kwenu mjiulize maswali sita: je, mtu anaweza kujifanya mwingine, kuchezea data, kukana alichotenda, kuona siri, kukwamisha huduma, au kujipatia mamlaka asiyopewa? Chukueni ujumbe ambao kampuni ya simu huutuma kwenye seva yenu kuarifu kwamba mwanachama amelipa shilingi 50,000. Ikiwa seva inaupokea bila kuhakiki umetoka kwa nani, yeyote anayeijua anwani ya seva hiyo anaweza kujiandikia malipo, na daftari la chama likaonyesha fedha ambazo hazikuingia kamwe. Swali la kwanza tu kati ya yale sita lingelifichua tundu hilo kabla hamjaandika mstari mmoja wa programu.

Mti wa mashambulizi, ambao Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, aliueleza kwa mapana mwaka huohuo wa 1999, huanzia kwa mwizi: mzizi ni lengo lake, matawi ni njia za kulifikia. Mkiandika gharama kwenye kila tawi, huenda mkagundua kwamba kumhonga karani ni rahisi kuliko kuvunja usimbaji wenu (yaani kufumba data ili wengine wasiweze kuisoma), na hapo mtajua fedha za ulinzi ziende wapi. Udhaifu wake ni kwamba tawi msilolifikiria halijichori lenyewe. STRIDE huwakumbusha, ingawa huwaachia orodha ndefu isiyosema lipi ni zito.

Kwa timu ya watu watatu, ningeanza na STRIDE kwa mfumo mzima, kisha nichore mti mmoja tu, wa wizi wa akiba ya mwanachama, na nimwite mhasibu wa chama akae nasi, maana yeye anazijua mbinu za udanganyifu ambazo sisi wa kompyuta hatuzijui.

Zana zote mbili huonyesha matundu tu. Kwa kuyaziba, rejeeni kanuni za wanasayansi wa kompyuta Saltzer na Schroeder za mwaka 1975, ambazo hadi leo sijaona zilizozipita: kila ombi likaguliwe, kisichoruhusiwa waziwazi kikataliwe, na kila sehemu ipewe mamlaka inayoihitaji tu. Programu ya ripoti, kwa mfano, iruhusiwe kusoma hifadhidata bila kuandika chochote; hivyo hata atakayeiteka hataweza kuitumia kubadilisha salio la mwanachama.